Kitabu kinakusalimia: shajara ya mradi wetu wa vitabu, Lubumbashi

4 Oktoba

Leo tumekaa sita kwenye kibanda changu cha fotokopi hapa Kamalondo, mezani vitabu 73. Vingi ni vya Kifaransa, vinane vya Kiswahili, na kimoja cha Kiingereza kuhusu ufugaji wa kuku ambacho kila mtu amekishika, akatazama picha, akakirudisha. Mimi nimekuwa mwandishi wa kikundi kwa sababu mashine ni yangu na karatasi ni zangu. Hakuna aliyepiga kura.

Wazo lenyewe tumeliazima. Mwaka 2001 Mmarekani Ron Hornbaker alianzisha BookCrossing: unakisajili kitabu chako kwenye tovuti, kinapewa namba yake, unaibandika ndani, kisha unakiacha kwenye benchi, stesheni au meza ya mkahawa. Atakayekiokota anaingiza ile namba na kuandika amekipata wapi na amekionaje, hata bila kujitaja jina. Kilichonivuta mimi ni adabu iliyomo: aliyeokota hadaiwi kitu. Akipenda kukaa nacho, kikae. Aliyekitoa hana haki ya kununa.

Kati yetu yuko mwalimu mstaafu, tunamwita Papa Mwalimu. Amesikiliza yote, akauliza: na ambaye hana mega, yaani data za intaneti? Tumeliandika swali kwenye kaye (daftari letu), tukaendelea na mengine.

Tumekubaliana kila kitabu kiwe na lebo ndani ya jalada, namba yetu wenyewe kuanzia 1, na muhuri mwekundu sehemu mbili, ndani ya jalada na ukurasa wa 33, useme HAKIUZWI.

12 Oktoba

Muhuri umefika na tayari umetuaibisha. Kijana aliyekuja kutoa nakala za diploma yake ameusoma kwa sauti: "Hakiuzwi? Sasa nani alitaka kuuza?" Sote tumecheka, lakini amesema kweli. Hapa Lubumbashi kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Anayetaka kupokea pesa anauzisha. Mtu wa Dar es Salaam akisoma muhuri wetu ataelewa kwamba kitabu hakiwekwi sokoni. Mtu wa Katuba, hapahapa mjini kwetu, ataelewa kwamba hakuna atakayekinunua, yaani ni kibaya. Tumeandika tangazo la kukitukana kitabu chetu wenyewe!

Nikapendekeza CHA BURE, ikakataliwa haraka: cha bure kina mwenyewe na kina sababu yake, kila mtu anajua. Tumemaliza na neno moja tu, KINAPITA. Muhuri wa pili nimelipa mimi.

19 Oktoba

Jaribio la kwanza, na tumeanguka.

Asubuhi nimeacha vitabu vitano mjini, kimoja kimoja, karibu na uwanja wa Posta. Kisha nikanunua chai nikakaa mbali kidogo nikiangalia namba 11, kilichokuwa juu ya ukuta mfupi kivulini. Nimekaa saa mbili na nusu. Watu wamepita, wamekiona, wamekizunguka. Manseba mmoja, dereva wa teksi ya pikipiki, amesimama, akakitazama kama mtu anavyotazama nyoka ambaye hajajua kama amekufa, akawasha moto akaenda. Mtoto wa miaka sita au saba ameweka mkono juu ya jalada. Mama yake ameuvuta ule mkono kwa nguvu hadi mtoto akayumba: "Acha! Haujue nani aliweka."

Nilipokwenda kukichukua, mama huyohuyo alikuwa anarudi upande wa pili wa barabara, akaniona nakiokota, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Sikupaswa kushangaa. Tangu utoto nimefundishwa hivyohivyo: kitu kilichowekwa njiani kwa uzuri, kisicho na mwenyewe, hukiokoti. Kimewekwa kwa ajili ya mtu. Labda ni wewe. Kule kwa BookCrossing kitabu kilichoachwa kwenye benchi kinasema "bahati yako". Hapa kinasema "yuko anayekungoja". Unaweza kuita ni ushirikina ukitaka, mimi naona ni adabu pia: kitu cha mtu usiyemjua si chako mpaka akupe.

Vitabu vinne vimerudi. Cha tano, namba 14, hakikuwepo nilipokifuata. Tumekiandika "kimepita".

2 Novemba

Tumebadilisha njia. Sanduku badala ya ukuta. Nalo wazo la sanduku lina mwanzilishi anayejulikana: Todd Bol wa mji wa Hudson, jimbo la Wisconsin, mwaka 2009 alitengeneza kijumba cha vitabu mfano wa shule ndogo, kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu, akakisimamisha mbele ya nyumba yake. Sasa viko duniani kote. Neno lake ni chukua kimoja, acha kimoja.

Chetu fundi amekitengeneza kwa mbao za masalio na bati, mlango wa kioo. Kimesimama mbele ya saluni ya kunyoa, kwa sababu wanaume wanangoja pale, na anayengoja husoma hata karatasi ya dawa.

Kwa siku nne hakuna aliyefungua. Siku ya tano kinyozi mwenyewe, ambaye hatukumwomba kitu ila ukuta wake, alichoka kuona kioo kinafutwa vumbi bure. Akatoa kitabu, akampa mteja aliyekuwa amekaa na sabuni kidevuni, akasema: "Hii kitabu inatoka ku Katuba. Ba mama moja baliisoma, banakusalimia."

Yule mteja akaitikia salamu. Kweli kabisa, alisema "jambo sana" kwa kitabu. Halafu akakifungua.

Kinyozi alidanganya, hakuna mama wa Katuba aliyekisoma kile kitabu. Lakini jioni nilipompigia Papa Mwalimu kumweleza, alinyamaza kwanza, kisha akasema tuache mengine yote tufanye hilo, ila tulifanye liwe kweli.

9 Novemba

Basi sheria mpya, na ndiyo pekee: hakuna kitabu kinachoingia sandukuni bila salamu. Aliyekisoma anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma anatoka mtaa gani, alikuwa anafanya nini alipokuwa anasoma, na anamsalimia atakayefuata. Jina si lazima. Sote sita tumekaa kusoma ili tuweze kusalimia bila uongo. Nimeandika ya kwanza: "Mimi ni wa Kamalondo, nimekisoma umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu, na betri ilikwisha kabla sijafika kwenye arusi. Jambo sana wewe unayekuja."

Swali la mega la Papa Mwalimu limejijibu hivyo. Hakuna tovuti, iko kalamu ya biki iliyofungwa kwa kamba.

Namba ya simu tumeiondoa kwenye lebo. Ilikuwa ya dada mmoja wa kikundi, na kwa wiki mbili amepokea ujumbe tisa. Wawili waliuliza habari za vitabu. Saba waliuliza habari zake, wengine saa sita za usiku. Amevumilia kwa uzuri kuliko ambavyo ningevumilia mimi. Wema kwa watu usiowajua si kumwacha dada yako mlangoni bila mlango.

16 Novemba

Mvua imeingia kweli. Maji yamepita chini ya bati, vitabu sita vimevimba kama mikate. Tumevianika jikoni kwa mama yangu, naye amevigeuza kama samaki wa kukausha. Vitano vimepona.

Hapa niandike na kosa langu. Katika kitabu namba 29 nilikuta ukurasa umechanwa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pale kwenye karatasi ya salamu: "Aliyechana ukurasa huu ajue tumeona." Sikumwambia mtu. Kuanzia siku ile hakuna aliyeandika salamu, si katika namba 29 tu, katika sanduku zima. Wanachukua, wanarudisha, kimya. Kinyozi ndiye aliyenieleza: wanaogopa kuacha mwandiko wao mahali ambapo kuna mtu anatafuta mhalifu. Nimekata kile kipande kwa wembe wake, mbele ya wateja wake, na kumwambia kila aliyeniuliza kwamba ni mimi niliyekiandika. Salamu ya kwanza imerudi baada ya siku chache. Inasema tu "Ruashi. Mvua. Jambo."

23 Novemba

Papa mmoja mwenye gari zuri ameleta makatoni mawili. Tumeyapokea kwa mikono miwili, tumemkalisha, tumempa soda. Alipoondoka tukafungua: orodha za bei za vipuri vya magari, ajenda za ofisi, mafungu ya ripoti zilizofungwa na waya. Vitabu vya kusomeka vinne.

Kikundi kiligawanyika hapa. Vijana wanataka tubandike tangazo la vitabu tusivyopokea. Papa Mwalimu hataki kulisikia. Hoja yake: anayeleta takataka hajui kwamba ni takataka, kwake ni karatasi alizoshindwa kuzitupa kwa kuziheshimu, na anayeambiwa mbele za watu kwamba zawadi yake haifai harudi tena, hata siku atakapokuwa na kitu kizuri. Tupokee, tushukuru, kisha tujue wenyewe. Nimepiga kura upande wake ingawa makatoni yanakaa chini ya meza yangu na nagonga goti kila siku.

7 Desemba

Hili ndilo lililotufundisha zaidi, na lilikuwa karibu kutuvunja.

Kijana mmoja alileta vitabu 58 vya marehemu baba yake. Vizuri, vya mtu aliyesoma, vimefunikwa kwa plastiki, jina lake limeandikwa kwa wino wa bluu. Tulifurahi sana. Hatukuuliza kilio kimeondoka lini. Tukapiga muhuri tukaanza kuvisambaza.

Wiki iliyofuata alikuja baba mdogo wake, amevaa koti, na wazee wawili nyuma. Hakupaza sauti. Alisalimia wote, akauliza habari za nyumbani, akakaa, akasema: "Batoto yangu, bintu ya marehemu haitokake vile." Familia ilikuwa haijakaa. Hakuna aliyejua nani angepewa nini. Kijana alikuwa ametoa, kwa moyo mzuri, kitu ambacho hakikuwa chake peke yake.

Tulirudisha 55 siku hiyohiyo, na muhuri wetu mwekundu ndani ya kila kimoja kama uchafu. Vitatu vilikuwa vimekwisha kupita. Kinyozi alivitafuta kwa siku tatu akapata viwili. Cha tatu nilikwenda kukiombea msamaha mwenyewe, na Papa Mwalimu, kwa sababu mtu haendi peke yake kwa jambo la namna hiyo. Tulipeleka sukari kilo mbili.

Ndani ya kimoja kulikuwa na picha ndogo ya msichana amesimama mbele ya nyumba ya matofali, nyuma yake mwandiko. Sikuusoma. Niliiweka kwenye bahasha nikampa baba mdogo mkononi, si mbele ya wengine. Aliitazama akaitia mfuko wa ndani wa koti, akazungumza habari za mvua.

Sasa tunauliza kila anayeleta: mwenyewe yuko? Kama hayuko, tunauliza kama wamekwisha kukaa. Tunauliza taratibu, baada ya soda.

20 Desemba

Nimenunua karanga za faranga 500 nikielekea Kenya (komini, yaani sehemu ya mji wetu, wageni wasichanganye na nchi). Nimekula nusu ndipo nikaona wekundu kwenye koni. Nikaifungua. Ukurasa wa 33. KINAPITA.

Nilirudi mbio. Ba mama wa karanga (ni mmoja, wingi ni wa heshima) walikuwa na rundo la karatasi chini ya jiwe, na juu yake kilichobaki cha kitabu namba 6, riwaya ya Kiswahili, kimoja cha vile vinane. Kurasa 1 hadi 88 zilikuwa zimeondoka na karanga. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Wakaniangalia tu: "Mi minauzisha karanga, hapana kitabu. Hii karatasi niliuza ku kilo." Wamelipa. Nani aliyewauzishia hawajui, ni kijana tu, mwenye mfuko. Nikauliza nikitaka kilichobaki ni bei gani. Wakakipima kwa mkono, wakanipa bei ya karatasi, na karanga kidogo juu kwa sababu niliomba vizuri.

Kikundi kimegombana usiku mzima kwa simu. Vijana wanataka kumsaka mwizi. Mwizi gani? Tulisema kinapita. Hatukusema kipite wapi.

Ila moja limetoka humo. Ba mama wanahitaji karatasi. Mimi nina makatoni mawili ya bei za vipuri chini ya meza.

11 Januari

Mapatano na ba mama yamekubaliwa kwa maneno, bila karatasi, ambayo ni kichekesho kidogo. Sisi tunapeleka zile ripoti na ajenda, bure. Wao wakiona kitabu kizima katika kilo wanazonunua, wanakiweka pembeni. Hadi leo wameweka vitatu: Misale bila jalada, kitabu cha hesabu cha darasa la tano, na kimoja cha mashairi ambacho Papa Mwalimu amekichukua kabla sijakipa namba, naye anadai anakiandikia salamu. Ni wiki ya tatu sasa anakiandikia salamu.

Nusu ya namba 6 nimeishona kwa uzi wa gunia na kuipa jalada la katoni. Nimeandika juu: HAKINA MWANZO, KINAANZIA UK. 89. Nilidhani kitakaa sandukuni hadi mvua iishe. Kimechukuliwa kesho yake na fundi redio wa mtaani. Nilimuuliza kama ameona maandishi ya jalada. Akasema ameona, na kwa umeme wetu huu ni filamu gani amewahi kuiona tangu mwanzo? Umeme ukirudi, unaendelea pale unapoikuta.

25 Januari

Shemeji yangu ni wakala wa forodha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kiasi cha kilomita 90 kutoka hapa. Kule malori yanayotoka Dar es Salaam, yakiwa yamevuka Tunduma na Zambia yote, yanapanga foleni siku nyingi. Madereva wamelala chini ya trela, wamecheza drafti hadi wamechoka. Watu wenye muda, wanaosoma Kiswahili, na wanaorudi kila baada ya wiki kadhaa.

Tulibishana kama tuwaombe vitabu vya Kiswahili, ambavyo hapa ni adimu kuliko samaki mikebuka wakati wa mbalamwezi. Papa Mwalimu akakataa kuanza na kuomba. Mgeni anapewa maji kwanza. Basi tumepeleka saba tulivyobaki navyo, vyote vya Kiswahili, pamoja na namba 6 isiyo na mwanzo, ambayo fundi redio ameirudisha na salamu ndefu kuliko sura moja. Sanduku letu sasa halina hata kimoja cha Kiswahili. Nimelitazama jana nikaona baridi tumboni.

15 Februari

Mfuko umefika kutoka Kasumbalesa. Vinne kati ya saba vimerudi, vyote vina salamu. Watatu wa madereva wameandika "ndugu wa Lubumbashi", mmoja ameandika namba ya lori badala ya jina. Na humo humo vitabu tisa tusivyovijua: riwaya za kuchapwa Tanzania, kitabu cha methali, cha sheria za barabarani, na kimoja cha dini ambacho kina doa la chai sura ya bakuli zima. Hatukuomba.

Kuhusu ule muhuri, dereva mmoja amechora mshale na kuuliza: "Kinapita kwenda wapi?" Chini yake mwingine, kalamu tofauti: "Wewe peleka tu."

22 Februari

Hesabu ya leo: namba zimefika 141. Sandukuni viko 38, Kasumbalesa 12, vilivyo mikononi mwa watu tunaowajua 27. Vingine vimepita. Tunahitaji plastiki ya kufunikia mlango, gundi, na biki tano, kwa sababu kamba inabaki na biki inaondoka.

Namba 6 bado iko njiani. Shemeji amenipigia picha ya karatasi yake ya nyuma. Dereva ameandika akiwa Mpika, kaskazini-mashariki mwa Zambia: "Nimesoma kuanzia 89. Nimewasimulia wenzangu hapa tunapolala, sasa wananiuliza huyu mwanamke alifikaje kwa huyu mzee, na mimi sina jibu. Nyie mnaojua mwanzo tuambieni."

Katika sisi sita, hakuna aliyekuwa amekisoma kabla hakijaliwa na karanga, maana kilitoka kabla ya sheria ya salamu. Isipokuwa Papa Mwalimu, ambaye anasema alikisoma mwaka 1974 na anakumbuka kila kitu. Amechukua karatasi moja ya mashine yangu ili aandike kwa kifupi kurasa 1 hadi 88, lori lisiondoke bila jibu. Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi amekuja kuomba karatasi nyingine kumi.